Samaki wa Kaunta ya Meneja

Kabla ya kukupa kiti, kabla hata ya kuitikia shikamoo yako, Meneja alikuambia usigonge kioo. Aliwaambia hivyo wageni wote: mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, wasichana waliopita wakiuza maandazi, na mimi, ambaye nilikuwa nimeambiwa mara nyingi mpaka nikazoea kuingia kwake mikono ikiwa nyuma. Ukigonga, alisema, wewe unasikia mlio mdogo, wao wanasikia nyumba inabomoka. Nilimuuliza amejuaje wanachosikia. Akaniambia nikae.

Sikuwa mtu wa kukaa. Nilikuwa nimerudi Sumbawanga kutoka chuo kikuu na digrii ya uchumi, mwaka ambao serikali ilikuwa imeacha kuwapangia kazi wahitimu kama ilivyowapangia waliotutangulia. Tuliambiwa soko sasa liko huru, nasi tuko huru ndani yake. Basi nilikuwa huru nyumbani kwa mama, naandika maombi ya kazi asubuhi na mchana nabishana na yeyote aliyekuwa tayari kubishana. Meneja alikuwa jirani yetu, na mchana alikuwa hana shughuli.

Kioo chenyewe nilikifahamu kabla ya kumfahamu yeye. Kilikuwa kaunta ya duka la umma, lile lililokuwa karibu na stendi, ambalo yeye alilisimamia miaka yote ya uhaba. Nilipokuwa shule ya msingi nilisimama mbele ya kaunta ile kila mama alipokuwa kwenye foleni. Ndani yake kulikuwa na jozi moja ya viatu vyekundu vya mtoto na kopo moja la maziwa. Viatu vile vilikaa mle mpaka mguu wangu ukawa mkubwa usioweza kuviingia. Mama aliuliza bei mara moja. Meneja akajibu kwa upole kabisa kwamba haviuzwi, ni sampuli.

Duka lilipofungwa na mali yake kuuzwa, watu waligombea mizani, rafu na mabati ya ghala. Meneja alinunua kaunta. Mtaa ulicheka. Ulicheka zaidi aliposema anakwenda kufugia samaki. Aliwahi kwenda mkutano wa mameneja Dar es Salaam, na kwenye hoteli waliyofikia kulikuwa na sanduku la vioo lenye samaki wa rangi. Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki kwenye kiti mbele ya sanduku lile, mpaka mhudumu akamuuliza kama anaumwa.

Alipojaza maji mara ya kwanza, kioo cha mbele kilipasuka na maji yakatoka mpaka chini ya kitanda cha mkewe. Aliita fundi, wakaipunguza kaunta, wakaifunga fremu ya chuma, wakaziba viungo kwa lami na juu ya lami wakapaka nta ya nyuki. Tangu hapo hakujaza zaidi ya nusu. Kila mgeni aliuliza mbona nusu, na kila mgeni alijibiwa kwamba nusu ndiyo kipimo cha vioo vya serikali.

Samaki wake hawakutoka dukani wala ziwani. Kijana mmoja alimletea kutoka Kipili, ufukweni mwa ziwa, samaki wa bluu na njano, wazuri kweli, ndani ya dumu. Meneja aliwatazama sana, kisha akamwambia arudi nao, hao ni wa joto, hapa Juni itawaua. Wake walikuwa wa hapa hapa juu, wa kijito kinachoteremka kutoka milima ya Mbizi. Mkubwa wao alikuwa na urefu wa kidole cha shahada. Ukimtazama haraka unaona fedha tu. Ukikaa, kama alivyoniamuru kila siku, unaona mstari mweusi ubavuni na mapezi yenye wekundu hafifu. Mvua za kwanza zikianza, madume hubadilika. Mapezi huwaka, na wekundu hupanda mpaka kwenye mashavu, halafu huanza kufukuzana kwenye majani kama wendawazimu. Nje ya msimu huo hakuna anayeweza kukuambia yupi dume na yupi jike.

Watu walisema Meneja anafuga dagaa. Wengine walimuuliza atawaanika lini. Hakukasirika. Alisema waje na ugali wao.

Alikuwa na koti la kijivu la mtumba, refu mpaka magotini, na alilivaa hata jua likiwaka. Mfuko wa kulia ulikuwa na miwani, wa kushoto ulikuwa na kumbikumbi waliokaushwa na kutwangwa, chakula cha samaki, kwa hiyo mfuko wa kushoto ulinuka. Mkewe alitishia kulichoma koti lile. Yeye aliutukana utaratibu mpya wa biashara huria akiwa ndani ya koti lililoletwa na biashara huria, akinywa soda iliyoletwa na biashara huria. Nilimwonyesha kosa hilo. Alikubali, akamalizia soda.

Wakati wa kulisha alisimama kwenye kona ya kushoto, akachota chembe kwa vidole viwili, akazidondosha mahali pale pale kila siku. Samaki walikuja mbio kwa kusukumana. "Foleni," aliwaambia. "Foleni, mgao upo, wote mtapata." Aliyekuwa mnyonge, anayesukumwa nyuma, alimlisha peke yake kwa mrija wa soda. Mama yangu aliposikia habari ya mrija alitoa sauti ya pua ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa kwa mtu mwingine.

Mama alikuwa na sababu. Mdogo wangu alipozaliwa, alipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Alipofika mbele akaambiwa imekwisha, mzigo haujafika kutoka mkoani. Alipozunguka nyuma ya duka kutafuta kivuli cha kunyonyesha, aliona mke wa ofisa fulani akitoka mlango wa nyuma na kifurushi cha gazeti, na gazeti lilikuwa limelowa umbo la miche ya sabuni. Tangu siku ile alipita mbele ya nyumba ya Meneja akitazama upande wa pili wa barabara. Shikamoo na marahaba za lazima alizipitisha kwangu, kama barua.

Nilimuuliza Meneja kuhusu mlango wa nyuma. Nilimuuliza moja kwa moja, maana ndivyo nilivyokuwa, na nilitarajia anifukuze. Alisema ulikuwepo. Alisema ofisa akiandika kikaratasi, meneja anayekataa anahamishwa, na anayekuja badala yake anafungua milango miwili. Nikamwambia hiyo ni hoja ya kila mtu aliyewahi kufungua mlango mmoja. Akasema kwamba ile sentensi ya "mzigo haujafika kutoka mkoani" aliisema mara nyingi sana hata nyumbani, mkewe akiuliza chumvi, ilimtoka yenyewe.

Alidai samaki wanamjua. Mtu yeyote akikaribia walikimbilia nyuma ya jiwe, yeye akikaribia walikuja. Sikuamini. Siku moja niliazima koti lake, nikalivaa, nikasimama kwenye kona ya kushoto. Walikuja wote, midomo wazi, kama walivyomjia yeye. Nilimgeukia kwa furaha ya ushindi ambayo leo naiona ndogo. Hakuumia hata kidogo.

"Kumbe wanajua koti," alisema. "Hata watu walijua cheo tu. Hebu nivulie, nasikia baridi."

Kwa kuwa aliyatetea mengi ambayo sikuyaamini, nilidhani samaki ni mchezo wa mstaafu. Sivyo. Mjini kulikuwa na maneno mawili juu yake. Waungwana walisema duka lilimfia mikononi. Wengine walisema alilila. Nijuavyo mimi, hakuna aliyekula maduka yale peke yake, na lake lingekufa hata angekuwa malaika. Lakini yeye hakuyapima maneno hayo kwa uchumi. Aliniambia, siku aliyokuwa akisugua kioo kwa kitambaa, kwamba ghala alilipokea limejaa akalikabidhi tupu, na tupu ndiyo watu walioiona.

"Hawa nataka wabaki nikiondoka, wasinitangulie kufa," alisema. "Kimoja nilichokabidhiwa kisiishie mkononi mwangu."

Nikauliza nani alimkabidhi.

"Nilijikabidhi mwenyewe. Ndiyo ubaya wake. Hakuna mkoani wa kusingizia."

Na huko walikotoka walikuwa wamekwisha. Kila kiangazi alikwenda kijitoni na kipande cha chandarua na kopo, akarudi na kopo lenye maji matupu. Yeye alilaumu ng'ombe walioletwa na wageni. Mkewe alilaumu bustani za kabichi zilizofika mpaka ukingoni, tena alilaumu watu kuacha kulima matuta ya zamani, yale ya kufukia majani, yaliyoshika maji yasikimbie na udongo. Mimi nilisema wote wanakisia. Lakini nilikwenda naye mara moja, nikavua viatu nikaingia, na sikuona miguu yangu. Kama wapo wengine mahali fulani, mimi sijui. Tuliowajua walikuwa ndani ya kaunta.

Mkewe nimemtaja bila kumweleza. Alikuwa mzaliwa wa upande wa Kaengesa, mwanamke mfupi wa maneno machache, aliyeongea Kifipa na kuku na Kiswahili na mumewe, maana mumewe aliletwa na kazi kutoka Mbeya na Kifipa kilimshinda. Samaki aliwaita wake wenza. Alisema kwao samaki wa namna ile walikuwa kitoweo cha watoto. Kiangazi, maji yakipungua, wanawake walitwanga majani ya utupa, wakayakamulia kwenye vidimbwi, na samaki wakaelea wamelewa, nao wakawaokota kwa vikapu. Alisimulia hivyo mbele ya kaunta, akicheka, na Meneja akaweka mkono juu ya kifuniko kama mtu anayeziba masikio ya mtoto.

Utupa ulikuwa kwenye kila shamba la kule, na bado upo. Majani yake hukaushwa na kusagwa, unga wake ukachanganywa na maharage ili wadudu wasiyatoboe. Mkewe aliupanda ukingoni mwa shamba lake, na kila mavuno alifanya kazi hiyo uani, kwenye karai kubwa.

Juni ile Meneja alishikwa na homa. Upepo ulikuwa ule wa kukata masikio. Alilala chini ya mablanketi, na kutoka chumbani akaagiza kila kitu: kaunta ifunikwe gunia usiku, kona ya kushoto, chembe kiasi gani. Siku ya tatu alisema maji yamepungua, yaongezwe. Hakutaka maji ya bomba, aliyashuku dawa. Mkewe akaenda kisimani, akarudi, akaongeza. Alilitumia lile karai. Alikuwa amelisuuza, nami naamini alilisuuza, kwa sababu nilimwona akilisuuza. Alilisuuza kama mtu anayekwenda kulitumia kwa maharage tena.

Nilifika kumjulia hali mgonjwa, mikono nyuma, na nikaona samaki wamekuja juu wote. Nilidhani wana njaa. Nikasema hivyo kwa sauti. Mkewe akatoka jikoni kuangalia. Mmoja alikuwa ameegemea ubavu, anazunguka polepole, mdomo nje ya maji. Wa pili akafuata. Mkewe akafunika mdomo wake kwa mkono. Mimi nilikuwa bado natafuta sababu, baridi labda, au uchafu. Yeye hakutafuta. Alikuwa ameona samaki wakifanya vile tangu akiwa msichana mwenye kikapu.

"Wamelewa utupa," alisema. Kisha akaenda uani, akalichukua karai, akalinusa, akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Meneja alitoka kitandani na blanketi begani. Hakuuliza kitu. Alichukua kikombe akaanza kuwahamisha, mmoja mmoja, kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Maji ya ndoo hayakutosha. Nikakimbia nyumbani, nikamwambia mama kwa mkato. Mama alikuwa na pipa la maji ya kisima yaliyotulia. Alinitazama kwa muda ambao niliona hautaisha. Kisha akajitwisha ndoo mwenyewe, akavuka, akaingia nyumba ambayo hakuwahi kuingia, akaitua mbele ya kaunta ile ile.

"Maji haya yamepitia mlango wa mbele," alisema.

"Nimeona, mama," Meneja akajibu, bila kuinua uso. "Asante."

Majirani walikuja, kama wanavyokuja kwenye moshi. Mmoja akauliza nani kaweka sumu. Mkewe alikuwa mlangoni, uso umemvimba kwa kilio, na nilijua atajibu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaipanga hoja nzima kichwani: karai, kisima, maharage, homa, hatua kwa hatua, sahihi kabisa. Meneja alituwahi wote wawili.

"Mimi," alisema. "Karai ni la kwangu, maji niliagiza mimi, zamu ilikuwa yangu. Nani mwingine?"

Mama yangu alikuwa anakunja kata yake ya kichwani. Aliacha kuikunja.

Waliokufa walifukiwa shimo moja na mche wa mgomba: mgomba ulizikwa nao. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo alivyosema mwenyewe, kwamba mgomba umezikwa na samaki, alipotaka mkewe acheke. Hakucheka. Walionusurika walikuwa wachache wa kutosha ndoo ndogo, weupe, wamejificha chini ya jani moja. Nilimuuliza kama wamo madume na majike. Alisema hilo litajibiwa na mvua. Kama hakutakuwa na wekundu, basi ni majike watupu au madume waliokata tamaa, na mwisho wake ni mmoja.

Agosti nilipata kazi Mbeya, kazi ya kuhesabu magunia ya watu wengine. Nilipokwenda kuaga, aliniambia nisigonge kioo, kisha akamimina chai pembeni ya kikombe changu, akaendelea kumimina. Nilidhani ni uchovu wa homa.

Nilirudi kwa Krismasi. Barabara ilikuwa tope na mji umenyeshewa mpaka umenyamaza. Nilivuka kwenda kwake kabla sijala. Alikuwa kwenye kiti mbele ya kaunta, ndani ya koti, na aligeuza uso kuelekea mlangoni, kidogo pembeni ya pale niliposimama.

"Nani?"

"Mimi, Meneja. Shikamoo."

"Marahaba, msomi. Usigonge kioo." Akanyoosha mkono hewani, akaupata wangu. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Mtoto wa jicho, alisema, yote mawili. Wamemwambia atapasuliwa, anangoja. Kungoja alikuwa amefundisha wengine, sasa ni zamu yake.

Nikamuuliza kuhusu samaki. Alishusha sauti.

"Mama ananiambia wapo. Ananiambia wamekuwa wekundu. Lakini huyu angeniambia wapo hata kama amewamwaga jalalani mwezi uliopita."

"Nakusikia," mkewe akasema kutoka jikoni.

"Si kwa ubaya," Meneja akamjibu. "Kwa mapenzi." Kisha kwangu: "Wewe huamini kitu. Kaangalie."

Niliinama. Maji yalikuwa yamegeuka kijani, hakuna aliyesugua kioo vizuri tangu macho yake yaharibike. Niliona jiwe. Niliona majani yameota mpaka juu. Sikuona kingine. Nilisogea kona ya kushoto, nikasogea ya kulia. Mkewe alikuwa amekuja mlangoni, mikono ina unga, hakuingia. Nilimtazama, naye alinitazama bila kuniomba kitu.

"Sioni, Meneja," nilisema.

Mvua iligonga bati. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia katika nyumba ile.

"Basi gonga."

Nilirudisha mikono nyuma. "Sigongi."

"Gonga kidogo. Kama wapo watatoka."

"Kama wapo watatoka wenyewe," nilisema, nikavuta kigoda, nikakaa.

Sikuwa nimewahi kukaa mbele ya kaunta ile bila kuamriwa. Tulikaa, yeye ameegemea mbele kama anayetazama, mimi natazama. Aliuliza habari za Mbeya, nikamjibu. Aliuliza bei ya sukari, akaguna. Chai ililetwa, ikapoa. Baadaye jani moja karibu na jiwe lilitikisika, na hakukuwa na upepo mle ndani. Ukatoka mstari mweusi. Nyuma yake ukatoka mwingine, na huyo wa pili alikuwa na mapezi kama makaa yaliyopulizwa, na wekundu umempanda mpaka mashavuni. Alimfukuza mwenzake kuzunguka jiwe. Walipopita kwenye majani, majani yaliachia vitu vidogo, vidogo kama kope, vikatawanyika, vikasimama, vikarudi.

Nilimweleza hivyo hivyo, kwa mpangilio huo, bila kuongeza.

"Wadogo?" aliuliza.

"Wadogo."

"Una hakika?" Lilikuwa swali langu. Nilikuwa nimemchosha nalo mwaka mzima.

"Nina hakika, Meneja."

Mlangoni mkewe alivuta pumzi, akarudi jikoni, na nikasikia sufuria zikigongana zaidi ya ilivyohitajika. Meneja aliingiza mkono mfuko wa kushoto, akachota chembe kwa vidole viwili, akaunyoosha. Mkono ulikuwa unakwenda nje ya ukingo. Nikaushika kifundo, nikauleta juu ya kona.

"Foleni," aliwaambia. "Foleni, mgao upo."